Mama Shuka na Kitanda cha Chumba cha Juu

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na mbili. Hapana, ngoja, nasema uongo. Mwaka wa kumi na mbili ndio nilioanguka kutoka kwenye ngazi nikafungwa plasta mguu mzima, na mtu mwenye plasta hawezi kupanda kwenda chumba cha juu, maana vidato vya pale ni vyembamba na vimepinda kama utumbo. Basi ulikuwa mwaka wa kumi na tatu. Mke wangu angesema wa kumi na nne, lakini yeye huhesabu miaka kwa wageni, na wageni hawana mpangilio.

Habari yenyewe ni ya huyo mke wangu. Jina lake analo, ila halitumiki. Kisiwa kizima, kuanzia gatini mpaka kwenye visima vya mwisho, kinamwita Mama Shuka. Hata mimi nikimwita kwa jina lake anageuka polepole, kama mtu aliyeitwa na karani wa hospitali.

Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda katika nyumba ya wageni iliyo nyuma ya soko la zamani. Ni nyumba ya mawe, kongwe kuliko yeyote aliye hai, na kuta zake ni nene hata dirishani unaweza kukaa na mwenzio, sinia la chai likiwa katikati yenu. Aliingia pale akiwa na mimba ya kifungua mimba wetu. Aliambiwa ashike shuka kidogo tu, mwenye kazi ameenda kujifungua. Mwenye kazi hakurudi. Mke wangu naye alienda kujifungua, akarudi.

Nimewahi kumtazama akitandika. Shuka anaipepea mara moja tu, ikajaa upepo, ikatua yenyewe mahali pake kama iliyokuwa ikipajua. Halafu pembe: anainua, analaza, anachomeka chini ya godoro, na pembe inabaki imenyooka kama bahasha. Mwisho anapitisha mkono juu ya shuka, lakini kwa mgongo wa kiganja, si kiganja chenyewe, kwa kuwa kiganja kina jasho na jasho ni uchafu hata likiwa la mtu mwema. Mimi nilikuwa fundi wa chokaa. Nimepaka kuta za mji huu tangu nikiwa na nywele, na sikumbuki ukuta niliowahi kuupapasa hivyo.

Tangu nilipoanguka kwenye ngazi nikaacha kazi, kitanda cha nyumbani nilikuwa nakitandika mimi. Jioni akirudi anakitazama, anaweka mkoba chini, anakitandua, anakitandika upya, kisha ananiuliza habari za mchana. Hakuwahi kusema neno. Nami sikuuliza. Ndoa ina mambo yake, na mengine ni ya kupishana nayo kama mbuzi katika kichochoro.

Tatizo lilikuwa mgongo. Alikuwa akiinama anakuwa mzima, akiinuka anakuwa mgonjwa. Binti yetu mkubwa, ambaye ni muuguzi katika mji fulani wa baridi huko mbali, alikuwa anapiga simu kila wiki kumwambia aache kazi. Mimi pia nilitaka aache, lakini sababu yangu haikuwa mgongo peke yake. Nilikuwa nashinda nyumbani na redio. Mke wangu nilikuwa namwona alfajiri na magharibi, kama mtu anayekaa na popo. Nilitaka nimwone mchana.

Yeye jibu lake lilikuwa moja. "Nitaacha siku nitakayolala kwenye kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine nisione kosa."

Aliyelisikia jibu hilo mara nyingi kuliko sote ni Jirani. Huyu ni mjane wa nyumba ya pili, na tunamwita Jirani kana kwamba watu wengine wote wanakaa mbali. Alikuwa anafua nguo za watu, mikono imemchubuka kwa sabuni, na alikuwa ameitamani kazi ya mke wangu kwa miaka, bila kujificha.

"Dada, siku ukichoka unikumbuke."

"Sijachoka."

"Najua. Nasema siku ukichoka."

"Wewe shuka unaifunga kama kifurushi cha posta."

"Basi nifundishe."

"Nikikufundisha si nitakuwa nimechoka?"

Mazungumzo yao yalikuwa hayo, asubuhi na jioni, na walipendana sana.

Sasa binti yetu, kwa kuona maneno hayasaidii, akatununulia zawadi. Huko aliko kuna kampuni inayouza mapumziko mafupi ya utamaduni, ya mwisho wa juma, kwa watu wawili. Unachagua aina tu, mlima au ziwa au kisiwa cha kihistoria. Mahali penyewe wanachagua wao, nawe hujui mpaka uletewe taarifa. Wanasema raha yake ndiyo hiyo. Binti yetu akachagua kisiwa cha kihistoria.

Taarifa haikuja kwetu. Ilienda kwa msimamizi wa nyumba ya wageni, kijana mwenye adabu na tumbo la mapema. Akamwita mke wangu.

"Mama Shuka, kuanzia Ijumaa chumba cha juu kina wageni."

"Nitakitandika."

"Hutakitandika. Wageni wenyewe ni wewe na mzee."

Mke wangu alidhani amefukuzwa kazi kwa upole. Akaja nyumbani akakaa kitako, hajavua hata viatu. Tukampigia binti yetu.

"Mama, mimi nilichagua kisiwa cha kihistoria," akasema. "Ningejuaje kama watachagua kwetu?"

"Kwani kwetu kuna historia?" mke wangu akauliza.

Ikabainika kwamba zawadi ile haibadilishwi wala hairudishwi. Mke wangu akasema hatakwenda, mtu hawi mgeni mahali anapojua ufagio ulipo. Lakini msimamizi alikuwa na la ziada. Jirani atashika nafasi yake siku hizo. Jumatatu asubuhi mwenye nyumba, bibi mmoja mtu mzima anayeishi ng'ambo, atakuja kukagua, na ataanza na kitanda cha chumba cha juu kama kawaida yake. Akiupenda mkono wa Jirani, kazi ni ya Jirani, na Mama Shuka ataagwa kwa heshima akapumzishe mgongo. Asipoupenda, Jirani asahau, na Mama Shuka ataendelea mpaka mgongo utakaposema wenyewe.

Mke wangu akasimama. "Basi tutakwenda," akasema. "Nikaone hicho kifurushi."

Ijumaa tukafunga begi. Kwa kuwa ratiba ilisema wageni watapokelewa gatini, tulitoka nyumbani tukaenda gatini, tukasimama na begi letu mpaka boti ikafika. Abiria wakashuka, tukajichanganya nao, tukapokelewa. Mtembeza wageni alikuwa kijana wa mtaani kwetu, niliyempaka chokaa kichwani alipokuwa mdogo akapita chini ya ngazi yangu bila kutazama. Akatupa mkono.

"Karibuni sana kisiwani. Ni mara yenu ya kwanza?"

"Acha mchezo," mke wangu akasema.

"Bibi, shikamoo. Ni lazima niulize, iko kwenye ratiba."

"Marahaba. Ndiyo, ni mara ya kwanza."

Tulipokelewa pamoja na mwalimu mstaafu wa kutoka bara na mkewe, aliyevaa kofia pana kama ungo. Watu wazuri. Tukarudishwa njia ileile tuliyotoka nayo, tukiambiwa tuangalie vidato.

Chumba cha juu, niseme kweli, ni kizuri. Kina madirisha mawili, upepo unaingia huku na kutokea kule. Mke wangu hakutazama dirisha. Alizunguka kitanda kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasimama upande wa miguu.

"Pembe ya kushoto," akasema.

"Ina nini?"

"Huoni?"

Sikuona. Ilikuwa pembe. Nikavua viatu nikajilaza, nikaona ni laini. Yeye akakaa kwenye kiti hadi jioni, begi mapajani, kama anayesubiri boti.

Asubuhi ya Jumamosi nilitoka kunawa uso. Niliporudi kitanda kilikuwa kimekwisha kutandikwa. Bahasha nne, shuka haina hata kunyanzi. Mara mlango ukabishwa.

"Hodi, usafi wa chumba." Ni Jirani, amevaa aproni ya mke wangu, imempwaya. Akakitazama kitanda. "Dada, nimekuja kutandika."

"Kimeshatandikwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

"Mwenyewe wa kitanda ni nyumba. Wewe ni mgeni."

"Basi mgeni ametandika. Ondoa vumbi."

"Nimeshaondoa jana."

"Liondoe la leo."

Jirani akaondoa vumbi la leo, akatoka. Nilimwambia mke wangu kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu ndipo hupewa jembe. Yeye ya kwanza tu ameshalidaka. Akasema haiwezekani amwachie mwanamke mwenzake kitanda kilicholaliwa, kila mkunjo uko wazi, kama vile hana mikono. Mambo ya kulala ni siri ya mtu. Nikamkumbusha kwamba yeye ametandua siri za watu tangu kifungua mimba wetu hajazaliwa. "Hao ni wageni," akasema.

Alasiri tukatembezwa mji. Nilijifunza mengi. Kijana alituambia kwamba vichochoro vilijengwa vyembamba kwa makusudi ili kivuli kisitoke. Mimi nilikuwa nadhani ni ubishi wa mipaka. Tulipofika kwenye ukuta wa ghala la zamani, akatugusisha chokaa yake, akasema mafundi wa kale waliipaka karne tatu zilizopita, na ufundi ule haupo tena. Ule ukuta niliupaka mimi, kabla tu ya kuanguka. Nilinyamaza. Mtu akiisifu kazi yako kwa karne tatu si adabu kumkatiza. Mwalimu akaipiga picha.

Tukakata kona, tukafika kwenye mlango wa kwetu.

Kijana akapunguza mwendo, lakini ratiba ni ratiba. "Na hapa," akasema, "tunaona nyumba ya kawaida ya wenyeji, ambayo inakaliwa hadi leo. Tafadhali tusiguse mlango."

Mke wangu akaondoa mkono wake mlangoni.

"Wanaishi kina nani?" akauliza mwenye kofia.

"Mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa fundi. Mkewe ni mchapakazi sana."

"Tunaweza kuwasalimia?"

Kijana akanitazama. Mimi nikamtazama mke wangu.

"Hawapo," mke wangu akasema. "Wamesafiri."

"Aa, bahati mbaya," akasema mwenye kofia. Akachungulia dirishani, ambako pazia lilikuwa halijafungwa vizuri. "Na kitanda chao wamekiacha hivyohivyo, maskini. Lazima waliondoka kwa haraka."

Kile kitanda nilikuwa nimekitandika mimi, kwa uangalifu. Mke wangu hakunitazama. Njia nzima ya kurudi alikuwa anatikisika mabega kwa kucheka kimoyomoyo, na mwalimu akaniuliza kwa sauti ndogo kama mama ana homa.

Asubuhi ya Jumapili niliamka na mpango. Niliazimia nisitoke kitandani mpaka Jirani aje, ili akikute kitanda kimelaliwa, akitandike, na mambo yaende. Mtu mzima hawezi kufagiliwa kama takataka. Nikajifunika mpaka kidevuni.

"Amka," mke wangu akasema.

"Niko likizo."

"Mzee, amka nitandike."

"Atatandika mwenye zamu."

Hakubishana. Alivuta shuka ya juu ikatoka, akaipepea mara moja ikanitua usoni, nikafunikwa. Nikasikia anapita huku na huku, pembe moja, pembe ya pili. Godoro likainuka kidogo upande wa miguu, likashuka. Akaniinua kichwa, akaweka mto uliobadilishwa foronya, akakirudisha kichwa. Mwisho akapitisha mgongo wa kiganja kifuani kwangu kutoa makunyanzi. Alinitandika humohumo. Sikuweza hata kutoa mkono.

Mlango ukabishwa. Jirani akaingia, akasimama.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Umetandikwa."

"Naona."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu, bila kupumzika hapo katikati, akaanza kulia. Alijifuta kwa aproni ya mke wangu.

"Dada, kesho mwenye nyumba anakuja. Nitamwonyesha nini? Mkono wako?"

"Pembe hujui."

"Hujaniacha nikunje hata moja."

"Ya Ijumaa niliiona."

"Ya Ijumaa mikono ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa nakutandikia wewe! Kutandikia Mama Shuka ni sawa na kumpikia mpishi." Akaniangalia pale nilipofungwa. "Shemeji, sema neno."

"Mimi ni godoro," nikasema. "Godoro halina neno."

Lakini walipomaliza kunitazama nililisema. Nilimwambia mke wangu kwamba mgongo ni wake na kazi ni yake, na mimi sitaki kumwamulia. Ila kama anaitaka kazi, aseme anaitaka, Jirani akarudi kwenye beseni lake la kufulia bila kupotezewa siku. Na kama haitaki, kesho aondoe mikono. Maneno hayo yangekuwa na uzito zaidi kama ningeyasema nimesimama.

Mke wangu alikaa dirishani. Mwishowe akasema, "Kesho sitakigusa."

"Kweli, dada?"

"Nimesema."

Jumatatu asubuhi aliamka, akavaa, akaenda kusimama karibu na mlango, mikono kwapani. Kitanda kilikuwa katika hali ambayo sitaki kuieleza. Nilikuwa nimegeuka sana. Nilimwona anakitazama mara moja kama mtu anayepita karibu na ajali. Nikamshika mkono, nikamtoa, nikafunga mlango. Tukashuka taratibu, kidato kwa kidato. Chini chai ilikuwa tayari, na mayai, na mwenye kofia alikuwa anatupungia.

Kabla hajakaa, mke wangu akajigusa mabegani.

"Nimesahau mtandio."

Mtandio alikuwa ameuvaa. Nilimwona, na yeye aliona kwamba nimemwona. Akageuka akapanda, na mgongo ule mgonjwa ukapanda vidato. Nyuma yake nikamwona Jirani naye anapanda, amekumbatia foronya safi, midomo inakwenda kama mwanafunzi anayerudia somo.

Mimi nilibaki na mwalimu. Aliniuliza kama nimekipenda kisiwa. Nikamwambia nimekipenda, ila watu wake ni wagumu kuwajua.

Mwenye nyumba aliingia kabla chai haijapoa, bibi mwembamba mwenye fimbo, na msimamizi nyuma yake ameingiza tumbo ndani. Wakapanda.  Nilisikia fimbo ikitembea kuzunguka kitanda. Halafu sauti ya bibi yule ikashuka mpaka mezani kwetu, nyembamba na safi.

"Huyu ndiye mpya? Mbona mkono ni uleule? Mchukueni. Mama Shuka akapumzike, ameacha mrithi."

Basi ikawa hivyo. Jirani alishuka wa kwanza, anacheka na kulia kwa zamu, bado amekumbatia zile foronya. Hakuwa amezitumia. Mke wangu alishuka wa mwisho, mtandio mabegani, akakaa, akanywa chai yake yote. Mchana tukasindikizwa mpaka gatini kwa kuwa ratiba ilisema tutaagwa gatini. Boti ilipoondoka bila sisi tukarudi nyumbani.

Sasa imepita miaka. Jirani bado yuko pale, na wageni wanalala. Pembe ya kushoto, nasikia, imenyooka. Mke wangu namwona mchana kutwa, hata siku nyingine naenda sokoni bila sababu. Kitanda cha nyumbani bado nakitandika mimi, na kuanzia Jumatatu ile hajakitandua tena hata mara moja. Anakitazama, anashusha pumzi, analala.

Nimemuuliza Jirani mambo ya asubuhi ile. Akasema, "Shemeji, kunywa maji." Msimamizi aliniambia yeye alikuwa nyuma ya fimbo, hakuona. Binti yetu tulipomsimulia alicheka tu, akauliza kama tungependa ziwa. Na mke wangu mwenyewe nimemuuliza siku ya mvua na siku ya jua, nikiwa na maneno mengi na nikiwa na machache. Kila mara ananiambia nisogee, nimekalia shuka. Nami ninachotaka kujua ni kidogo tu: alipopanda vile vidato na mtandio wake mabegani, alikwenda kumpa Jirani kazi, au alikuwa ameshindwa tu kukiacha kitanda?